Nauli ya kwenda kujiandikisha isilipwe na mwaniaji

Kwa Mhariri,

Kila nikifungua ukurasa huu siku hizi nakutana na msomaji anayewasuta vijana kwa kutojiandikisha kupiga kura. Wavivu, wanasema. Wamezama kwenye simu. Kuandamana wanajua, kupanga foleni hawajui. Mimi ni mzee wa mtaa huku Pwani ya Kenya, nina wajukuu wa rika hilo, na naomba nafasi nijibu kwa sababu naona lawama imemwangukia asiyehusika.

Wavivu hawakujaza barabara Juni 2024. Tuliwaona, tukubaliane nao tusikubaliane nao. Waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaupinga, na Juni 26 Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Baadhi yao hawakurudi kwao wakiwa hai. Mtu aliyekuwa tayari kwa hayo hashindwi kusimama mbele ya mashine ya kusajili wapiga kura. Kinachomshinda ni kuifikia.

Nieleze njia yenyewe, maana msomaji wa mjini, ambaye ofisi zote ziko mkabala na steji, huenda haijui. Ukitimiza miaka 18 unaanzia kwangu. Unakuja na cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi wako na cheti cha shule kama unacho. Nikikujua, tunakwenda wote kwa chifu nikashuhudie kwamba wewe ni mtoto wa fulani. Kisha unangoja siku ya kamati ya kupiga msasa, yaani ya kukuhoji kama kweli wewe ni raia, ambayo nami nina kiti ndani yake. Hapo msichana wa mtaani kwetu huulizwa babu yake alizikwa wapi. Mwenziwe, mwenye jina la upande mwingine wa nchi, hupita bila kuulizwa hata la baba. Nimekaa kwenye meza ile miaka mingi na sijawahi kupewa sababu ya tofauti hiyo nikaridhika nayo. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza akiwa Wajir kwamba watu wa kaskazini hawatapigwa msasa tena ili kupata kitambulisho. Nilifurahi kwa niaba yao. Kesho yake kijana mmoja akanipigia simu kuuliza kama tangazo lile limefika Pwani. Nikamwambia aje na nakala ya kitambulisho cha babu kama kawaida.

Sisi watu wa huku hatuhitaji kuhubiriwa thamani ya kile kipande cha plastiki. Wamakonde walikuja Kwale kutoka Msumbiji enzi za ukoloni, wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, wakazaa, wakazikana hapa hapa, na bado hadi 2016 watoto wao walikuwa hawahesabiwi kuwa raia. Oktoba mwaka huo wakafunga safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais. Uhuru Kenyatta akaamuru wapewe vitambulisho, na Agosti 2017 wakapiga kura yao ya kwanza. Wapemba, ambao bila kitambulisho hata leseni ya uvuvi ilikuwa ndoto, walisubiri hadi 2023. Naliheshimu sana lile tembezi la Wamakonde. Lakini nchi haiwezi kuendeshwa kwa utaratibu wa mtu kutembea hadi Nairobi ndipo aonekane.

Haya, tuseme umepita kwenye msasa. Unapigwa picha, unapakwa wino vidole vyote kumi, unapewa karatasi ya kusubiri, unakwenda zako. Kitambulisho kikiwa tayari kinarudishwa kwa chifu. Ujumbe mfupi unatumwa kwenye simu, ila laini uliyoandikisha ilikuwa ya dadako, naye yuko Saudia. Mwombe chifu yeyote akufungulie kabati. Utakuta katoni, na ndani yake vitambulisho vimefungwa kwa mipira, fungu kwa fungu, kila fungu lina kikaratasi cha jina la kijiji. Vya juu vinang'aa. Vya chini vimegandana kwa joto na unyevu wa huku, ukivibandua vinatoa mlio.

Hiyo katoni tuliiomba. Chama cha kina mama cha mtaani kwetu kilimwendea chifu, akaturuhusu kunakili majina, vitambulisho vyenyewe akabaki navyo kama inavyotakiwa. Majina tukayasoma msikitini baada ya sala ya Ijumaa, tukayasoma kanisani Jumapili, tukayasoma matangani, maana hakuna mahali watu wa huku wanakusanyika kama matangani. Jina moja likaitikiwa na mwanamume aliyempakata mtoto. Kitambulisho hicho alikiomba alipomaliza kidato cha nne. Huyo aliyempakata alikuwa mtoto wake wa pili. Watu walicheka mpaka imamu akatukumbusha tuko wapi.

Kazi ile haikutugharimu ila kalamu na daftari la shule. Sijui ni kwa nini iwe kazi ya chama cha kina mama, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa unacho mkononi. Wengi hudhani hapo safari imekwisha. Kitambulisho hakikufanyi mpiga kura. Usajili ni shughuli nyingine, ya idara nyingine, mahali pengine. Septemba 29, 2025 tume ya uchaguzi, IEBC, ilirejesha usajili endelevu ikilenga wapiga kura wapya milioni 6.3 kabla ya uchaguzi wa Agosti 10, 2027, na mahali pa kujiandikishia pakawa ofisi ya tume ya eneobunge. Ofisi moja, eneobunge zima. Kwa mtu wa Nairobi eneobunge unalivuka kwa miguu kabla chai haijapoa. Kwetu ni bodaboda hadi barabara kuu, kisha matatu, na jioni urudi vivyo hivyo. Kutoka kwangu ni Sh600 kwenda na kurudi. Mvua ikinyesha ni Sh800, kwa kuwa boda huzunguka kukwepa mto. Kijana anayekata mawe kwenye machimbo ya hapa, siku ikiwa nzuri, anarudi na Sh500. Siku atakayokwenda kujiandikisha hizo 500 hazipati, na 600 anatoa. Piga hesabu. Anatakiwa kutoa Sh1,100 ili apewe kitu ambacho Katiba inasema ni chake tayari.

Na hapo sijatia kisirani cha siku yenyewe. Jirani yangu mmoja, binti anayeuza mahamri, alifunga biashara siku nzima akaenda. Akakuta karani ametoka na mashine kwa shughuli nyingine, akaambiwa arudi wiki ijayo. Ofisi siitaji, maana naamini karani mwenyewe alikuwa ametumwa. Lakini wiki iliyofuata yule binti hakurudi, na mimi sikuwa na uso wa kumwambia arudi. Kijana wa machimboni naye vidole vimelika kwa mawe, alama hazishiki. Tume imesema mashine za sasa zinasoma pia mboni ya jicho. Jambo jema. Nitalishukuru zaidi mboni hizo zikisomwa huku zilipo.

Kilichonifanya nishike kalamu, Mhariri, ni hiki. Hilo pengo la Sh600 halikai wazi. Ana mtu wa kuliziba.

Majuzi gari la matatu lilisimama karibu na soko letu, ubavuni lina picha ya bwana mmoja anayeutaka udiwani wa wadi hii. Vijana wakapakiwa, wakapelekwa kujiandikisha, wakarudishwa, kila mmoja na soda na mkate. Kabla ya kushuka waliandikwa katika daftari kubwa la jalada gumu: jina, nambari ya kitambulisho, simu, kituo cha kupigia kura. Nikamwuliza aliyelishika, daftari ni la nini. "Mzee, ni la kujua watu wetu." Alinijibu kwa adabu kabisa, wala hakuona kwamba amesema neno zito.

Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inakataza kumhonga mpiga kura. Mwulize huyo mwaniaji, atakwambia hakumhonga mtu, alitoa lifti. Pengine wakili wake atashinda. Mimi simzungumzii hakimu, namzungumzia kijana wa miaka 19 ambaye mara yake ya kwanza kukutana na haki ya kura, amekutana nayo ndani ya gari la mwaniaji, naye ana deni. Uchaguzi wenyewe ni wa Agosti 2027, na tayari kuna mtu anaihesabu kura yake. Siku ya siku atapigiwa simu kukumbushwa nani alimpeleka. Nambari yake si iko daftarini?

Na tusimlaumu kijana kwa kupanda. Mimi ningekuwa na miaka 19 na mfuko mtupu ningepanda. Dola isipomfikia raia, mwanasiasa atamfikia, na mwanasiasa hafiki bure.

Babu zetu walipitia la namna hii. Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao wanane katika Baraza la Kutunga Sheria, si kila mtu mzima aliyepiga kura. Ulipimwa elimu, mali, kipato, umri, utumishi wako kwa serikali. Asiyekuwa na sifa hizo hakuwa na kura, na aliyezikusanya za kutosha alipewa hadi kura tatu peke yake. Kufikia uchaguzi wa Mei 1963 masharti hayo yalikuwa yameondoka. Sasa niambie tofauti kati ya kumwambia mtu "kipato chako hakitoshi kuwa mpiga kura" na kuiweka mashine mahali ambapo mwenye kipato ndiye anayefika. Ninaiona moja tu: wakoloni waliliandika sharti lao.

Mlolongo wa 1988, ule mchujo wa kupiga kura kwa kupanga foleni wakati KANU kilikuwa chama pekee, pia niliuona kwa macho yangu. Tulipangwa uwanjani nyuma ya picha za wawaniaji wa KANU, mwajiri wako anakuona, anayekudai anakuona, na aliyezoa zaidi ya asilimia 70 ya foleni alipita moja kwa moja bila kura ya siri ya uchaguzi mkuu kupigwa. Habari za foleni fupi kuishinda ndefu mmezisikia sana, sizirudii. Kinachonijia mimi ni mwenye nyumba niliyokuwa nimepanga. Alisimama kando kivulini akitazama nani yuko nyuma ya nani, na mwisho wa mwezi kodi ikapanda kwa baadhi yetu. Kufikia mwisho wa 1990 chama chenyewe kiliuacha utaratibu ule kwa aibu. Lile daftari la jalada gumu la kwenye matatu linanirudisha pale kivulini kwa mwenye nyumba.

Katiba ya 2010 ilitungwa na watu waliokumbuka mambo haya. Kifungu cha 38 kinampa kila raia mtu mzima haki ya kuandikishwa kuwa mpiga kura bila vikwazo visivyo na msingi, na haki ya kupiga kura ya siri. Kifungu cha 83 ndicho ningependa kila mzee wa mtaa akikariri. Mwishoni mwake kinasema mipango ya kuandikisha wapiga kura na kuendesha uchaguzi iundwe kwa namna ya kumrahisishia raia anayestahili, isimnyime haki hiyo. Tazama mzigo umetwikwa nani. Hakuna mahali pameandikwa kwamba raia atafute nauli.

Wala si jambo lisilowezekana. Mahakama Kuu ilipoulizwa kuhusu wafungwa ilisema nao wana haki ya kupiga kura, na 2017 wakapiga kura ya urais kwa mara ya kwanza, kila mmoja gerezani mwake. Siwaonei wivu, haki yao ni yao. Nasema tu kwamba kama tume imeweza kupita mageti ya gereza, barabara yetu ya vumbi haiishindi.

Jibu nitakalopewa nalijua, kwa sababu nimeshapewa. Mashine ziliwahi kuzungushwa wadini na watu hawakuja. Oktoba 2021 tume ililenga wapiga kura wapya milioni 6 ikapata kama milioni 1.5. Januari na Februari 2022 ikalenga milioni 4.5 ikapata kama milioni moja. Hesabu hizo ni za kweli na zinauma. Ila mimi nilikuwepo. Wadini kwetu mashine ilikuja katikati ya wiki, saa ambazo watu wako machimboni, shambani na baharini. Habari niliipata asubuhi ile ile, kwa simu ya mtu aliyeliona gari likipita. Ikawekwa kwenye shule moja, na kutoka vijiji vya bondeni hadi shule hiyo unakwenda nusu siku. Tena wengi waliojitahidi kufika wakarudishwa kwa sababu walikuwa na karatasi ya kusubiri tu, na karatasi ya kusubiri haikubaliki. Vitambulisho vyao vilikuwa kwenye ile katoni! Idara moja ya serikali inatafuta watu wenye vitambulisho, nyingine imevifungia kabatini, halafu zote mbili zinashangaa vijana wako wapi.

Kisha ikaja miaka ambayo hata wa kulaumiwa hakuwepo. Tangu Januari 2023 mwenyekiti Wafula Chebukati na wenzake walipomaliza muda wao, hadi Julai 2025 mwenyekiti mpya Erastus Ethekon na makamishna wapya walipoapishwa, tume ilikuwa na wafanyakazi bila wenye mamlaka ya kuamua. Mbunge wa Banissa, eneobunge la kaskazini, alifariki Machi 2023. Watu wake walikaa bila mbunge hadi uchaguzi mdogo wa Novemba 27, 2025. Kodi walilipa muda wote huo. Sikusikia mtu wa Pwani akipiga kelele kwa ajili ya Banissa, na tulipaswa.

Kuhusu wale waliokwisha kujiandikisha nina machache tu. 2022 daftari la wapiga kura lilikuwa na majina 22,120,458. Waliopiga kura walikuwa kama asilimia 65. Tofauti kati ya William Ruto na marehemu Raila Odinga ilikuwa kura 233,211, na waliobaki nyumbani hali wameandikishwa walipita milioni saba. Kila mtu amelisema hilo, wacha waendelee kulisema.

Mimi kura inayonisumbua ni ya wadi. Mpiga kura wa Kenya hupewa karatasi sita, na nimekuwa wakala kituoni mara za kutosha kujua zinavyoshikwa. Ya rais mtu huiinamia, hata pumzi haivuti. Ya gavana anaitazama vizuri. Ikifika ya mwakilishi wadi, anatia alama huku ameshageukia mlango, au ananiuliza mimi, na mimi siruhusiwi kumjibu. Lakini nani atakayeketi katika bunge la kaunti Aprili, makadirio ya bajeti yakiletwa, aseme barabara ya bondeni ichongwe au isichongwe? Wadi ziko 1,450 nchi nzima, na kiti cha wadi mara nyingi kinaamuliwa kwa kura ambazo ungeweza kuzitaja kwa majina ya wenyewe. Huko ndiko kijiji kina nguvu. Kwa rais kijiji chetu ni tone. Kwa diwani ni ndoo nzima.

Niliona hilo kwenye kikao cha maoni kuhusu bajeti. Kifungu cha 196 kinalazimisha bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi, kwa hiyo mahema huja, na viti vya plastiki, na maji ya chupa, na kitabu kinene cha Kiingereza tunachokabidhiwa dakika ile ile tunayoombwa maoni yetu. Kina mama wetu walikuwa na jambo moja tu. Zahanati ya kijiji ina jengo, ina rangi mpya, ina bango lenye jina la aliyeifungua, usiku haina mkunga. Diwani akasema amelichukua. Amelichukua mara nyingi huyo. Ndipo mama mmoja wa chama chetu akasimama, akamwuliza, "Mheshimiwa, kituo hiki ulipata kura ngapi?" Hakujua. Mama akamtajia, na ya aliyemfuata akamtajia, na idadi ya walioandikishwa wasiokuja kupiga kura. Usiku wa kuhesabu fomu ya matokeo hubandikwa mlangoni mwa kituo ili kila mtu aione, naye alikuwa ameinakili nyuma ya kadi ya kliniki ya mjukuu wake. Kisha akaongeza kwamba chama kinaandikisha vijana wa kijiji hiki kwa nauli ya harambee yao wenyewe, na orodha haina jina la mwaniaji yeyote. Diwani akatoa kijitabu, akaandika. Mkunga wa usiku hajaja bado, nisiwadanganye. Ila siku ile ndiyo ya kwanza nilipomwona mheshimiwa akiandika kitu tulichomwambia.

Ninachoomba si kikubwa. Tume isitangaze tu kwamba usajili unaendelea. Itoe ratiba ya kila wadi, mashine itakuwa wapi na lini, ibandikwe kwa chifu, msikitini, kanisani na kwenye vibanda vya M-Pesa wiki mbili kabla, na kila mara iwemo Jumamosi. Siku hiyo hiyo chifu aje na ile katoni yake, meza mbili zikae pamoja: hapa unachukua kitambulisho, pale unaandikishwa, unarudi machimboni kabla ya saa sita. Kila Desemba vijana wanaofanya kazi Mombasa na Nairobi hurudi nyumbani kwa sikukuu. Siku hizo chache ni nzuri kuliko mwezi mzima wa Machi.

Kama mashine haziwezi kuja, basi watu wapelekwe na gari lisilo na uso wa mtu. Mabasi ya shule zetu hubeba timu za mpira na kwaya hadi kaunti za mbali kila likizo. Kumbeba kijana hadi ofisi ya eneobunge na kumrudisha hakutayavunja. Mwaniaji anayejali kweli achangie mafuta ya basi hilo, abaki nyumbani na daftari lake.

Kwa wazee wa mtaa wenzangu nina ombi la pembeni. Tunaombwa na hawa waheshimiwa watarajiwa kuwapangia vijana na kuwasimamia kwenye hizo matatu, na tunapewa kitu kidogo kwa usumbufu. Kazi yetu haina mshahara, najua uzito wa hicho kitu kidogo kinapowekwa mkononi. Lakini vijana wanapotuona tumesimama kando ya lile gari wanajua ni halali. Tusisimame pale. Na kuna wakopeshaji wanaoshika vitambulisho vya watu rehani kwa deni la unga au la mafuta ya pikipiki. Tunawajua kwa majina. Twende tukavidai sasa, maana kufikia Agosti 2027 kuna mtu atavikomboa kwa jumla, na sote tunajua ni nani na kwa nini.

Barua imekuwa ndefu, Mhariri, na nafasi yako ni ya wengi. Ukilazimika kukata, kata habari za mlolongo, waliokuwepo wanazijua na wasiokuwepo watawauliza. Ile aya ya nauli iache kama ilivyo, pamoja na hesabu yake.

Wako,
Mzee wa mtaa,
Pwani